Karatasi Zilizopungua Dukani

Ndugu wasomaji, nilijiona mjanja kuliko soko zima la Lushoto.

Ofisi zilipoacha kununua karatasi kwa rimu, nikaanza kuziuza moja moja, na kujaza wino kwenye katriji za printa za watu, ili mradi duka lisifungwe. Karatasi nazihesabu mara mbili, asubuhi na jioni, na kila jioni, hata nikitoa zilizouzwa, zinapungua. Muuzaji wangu ni mmoja tu, Mama Neema, na kila siku anaondoka na kikapu kilichofunikwa kanga. Mimi siyo wa kuchezewa.

Jana aliingia mwalimu mkuu mmoja, mteja mkubwa pekee aliyenibakia, kutafuta karatasi za mtihani. Nikaona shahidi ndiye huyu.

“Mama Neema, kikapu mezani! Leo tutajua nani anatafuna duka.”

“Jamani bosi, mbele ya mgeni?”

“Hapa hapa. Kama ni mboga, tutaziona.”

Akafunua. Karatasi tupu!

“Umeona, mwalimu? Nafuga nyoka.”

“Wateja wanazikataa, bosi, zina madoa,” akasema Mama Neema taratibu. “Nikaona nikawashie moto, nisikuaibishe.”

Mwalimu akachukua moja. Akanishika dole gumba, jeusi kwa wino, akaliweka juu ya doa la pembeni. Likakaa sawasawa. Akajaribu ya pili, ya tatu.

“Mwizi tumempata,” akasema. “Sasa za mtihani wangu, naomba anihesabie mama.”