Miche Thelathini ya Mtani Wangu

Taarifa ya msiba ilinikuta hapa Ikwiriri nimeinamia beseni, nafua. Simu ililia pembeni ya ndoo, nikaipokea kwa vidole viwili vyenye povu, na mtu wa Kibiti akaniambia kwamba jirani yake, fundi baiskeli wetu, mtani wangu wa miaka mingi, hatunaye tena, amefariki alfajiri na atazikwa baada ya swala ya alasiri. Innalillahi. Nikakitazama kipande cha sabuni nilichokishika. Kilikuwa chake, alikipika kwa mikono yake. Mie Mmatumbi, yeye Mndengereko, makabila ya kutaniana tangu enzi za mababu, basi siku aliyonipa alisema hanipi kwa mapenzi, ananipa kwa huruma, maana sisi wa milimani ati maji tumeyajulia ukubwani. Nikacheka peke yangu uani, kisha nikakaa kwenye kigoda nisijue zile nguo nizifanye nini.

Mnaonisoma siku zote mnajua kwamba marehemu simwazimi sifa. Huyu alikuwa bahili, na wanawe wakisoma hapa watasema nimempunguzia. Mikono yake ya grisi ilikuwa inamaliza sabuni kila kukicha, mpaka siku moja akaapa kwamba hela yake haitakwenda tena dukani kununua kitu cha kuyeyuka. Akajifunza kupika mwenyewe. Kostiki soda anaimimina kwenye maji, anaiacha ipoe, anatia mafuta, anakoroga kwa mwiko mpaka mkono unakufa ganzi. Uji ukishakuwa mzito anaumwaga kwenye kisanduku cha mbao kilichotandikwa nailoni, na kesho yake anakata miche kwa waya wa breki ya baiskeli, anaipanga juu ya uchaga ikauke mpaka ikomae. Alianza na mafuta ya nazi. Nazi zilipopanda bei akahamia kwenye mafuta yaliyochoka ya wakaanga chipsi wa stendi, ambao walimpa bure na kumshukuru juu. Sabuni ikatoka safi, inang'oa grisi na madoa ya korosho. Lakini harufu, jamani! Ikifika Ramadhani hakuna aliyetaka kusimama naye safu moja alasiri. Umefunga tangu alfajiri, umerukuu na unyenyekevu wako, mara kanzu nyeupe pe iliyo mbele yako inakupulizia chipsi mayai. Imamu akamwita pembeni amsihi arudi safu ya nyuma. Mtani akauliza kwa adabu zote, "Shehe, harufu inabatilisha funga?" Imamu akafikiri, akasema, "Haibatilishi. Inaitesa tu."

Sasa nije kwenye lile lililomuumiza mpaka mwisho. Alipomwoza binti yake kwa kijana mmoja wa Dimani, mkulima, mtu makini asiyecheka ovyo, walimuuliza baba mtu atawapa nini wanawe waanzie maisha. Akasimama mbele ya watu, akasema, "Mie sina kitu. Nitawapa miche thelathini. Ngojeni ikomae, nitaileta mwenyewe." Watu wakapiga vigelegele. Kiswahili chetu hiki kimeuacha mche uwe mti mchanga na uwe sabuni, wala hakikumwonya mtu. Mkwe akarudi Dimani anatembea kwa madaha. Akasafisha shamba, akaita ndugu zake, wakachimba mashimo thelathini ya mikorosho, wakatia samadi, wakapikiwa wali. Siku ya siku bodaboda ikaingia, baba mkwe nyuma amepakata boksi. Akalitua chini mbele ya ndugu wote waliotoka jasho, akalifungua, akasema, "Miche hii hapa. Hesabuni."

Hakuna aliyehesabu. Mama wa kijana aliuliza taratibu, "Baba, sasa mashimo haya tumemchimbia nani?" Vijana wa mjini siku hizi wakisema mtu katoa povu wana maana amepandwa na hasira, na mkwe siku ile alitoa povu ambalo hakuna sabuni ya marehemu iliyowahi kulifikia. Mvua zikaja, mashimo yakajaa maji, mbuzi wa jirani akatumbukia, na kijiji kizima kikaanza kumwita kijana wa watu Bwana Mashimo. Tangu hapo hakukanyaga tena kwa baba mkwe. Mke alikwenda peke yake, salamu zikapelekwa na kurudishwa, basi.

Mtani alikuwa amekusudia jambo, ila alilificha ndani ya mzaha, akangoja mkwe alifumbue mwenyewe. Binti ndiye aliyelifumbua. Sabuni anayo ndani, basi kila hela ambayo ingekwenda kwenye sabuni akainunulia mche, mche wa kweli, akaupeleka shimoni. Boksi lilipokwisha baba akatuma jingine, na mashimo yakajaa moja moja. Nilipita Dimani mwaka jana nikaiona mikorosho ile imeshaanza kuzaa. Mkwe alinionyesha kila mti, akanipa na korosho za kutafuna njiani, lakini nilipomtaja baba mkwe akageuza maneno. Nadhani hasira ilikuwa imeisha zamani, ila mtu akishanuna muda mrefu, kunyoosha uso anaona haya. Na kila nilipoonana na mtani wangu swali lilikuwa moja, hata kabla salamu hazijaisha: "Vipi, mkwe wangu amecheka?" Namwambia bado. Anafuta mikono kwenye kitambaa, anasema, "Atacheka tu. Mie sifi kabla hajacheka." Akafa.

Tunanunua vyote siku hizi, tena kwa vipakti vya kuishia beseni moja, na mtu anayepika chake uani tunamwona kichekesho. Mie mwenyewe nilimcheka sana, na ndiyo kazi ya mtani. Kazi nyingine ya mtani ni kuja mazikoni na kumsema marehemu ili wafiwa wapate pumzi. Alishaniagiza, "Siku yangu ukija ukanisifia, naamka." Basi nilifika Kibiti nimejiandaa na mizaha yangu yote, ya chipsi, ya imamu na ya ubahili. Tukafika makaburini, mwili ukashushwa, watu wakanigeukia, nami nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Machozi yakanishuka mbele za watu, mtani mzima. Aibu iliyoje!

Ndipo mkwe akasogea. Msiba ndio uliomrudisha kwa baba mkwe. Alishika jembe, akasimama ukingoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, baba. Shimo hili hapa. Safari hii mche umeleta wa kweli."

Mkwe hamtanii mkwewe, hilo halipo kwetu. Imamu akakohoa. Kisha mzee mmoja nyuma akashindwa kujizuia, mlio ukamtoka puani, na kicheko kikaenea makaburini kote. Mkwe naye akacheka. Alicheka mpaka jembe likamponyoka, akaketi kwenye udongo, akawa anacheka na kulia, anasema, "Nimecheka, baba, nimecheka." Aliyekuwa akilingoja neno hilo miaka yote yuko chini, sanda imeshafungwa.

Jana nimefua ile kanzu ya mazikoni kwa kipande kilichobaki. Imetakata, na inanuka chipsi, nami nimeianika hivyo hivyo. Kwenu nyie wasomaji sina somo kubwa. Kama kuna mtu unajua anangoja kicheko chako, na wewe umeshikilia kununa kwa sababu ulianza, nenda kacheke naye leo. Usingoje mpaka umchekee juu ya shimo.