Kwa Mkono Wangu Tu

Sweta langu la shule ya msingi bado linaning'inia kwenye msumari wa banda la mbuzi. Nililikuta wiki iliyopita, nilipopanda kutoka Tanga na boksi lenye mtoto wa mbwa, nikirudi kuishi kwenye nyumba ya bibi, ambaye hatunaye tena. Kijani chake kimechujuka, viwiko vimetoboka. Nililinusa, rafiki yangu, na ndani ya ile harufu ya moshi nikaipata ya mbwa. Machozi yalitangulia, halafu ikaja hasira. Sweta hilo na hasira hiyo nilivivaa pamoja utotoni, na hasira haijanibana hata leo.

Mbwa wetu wa kwanza alikuwa koko tu, lakini alijua mpaka. Mbuzi wa jirani wa upande wa chini wakivuka ua wa masale mpakani kuja kwenye maharage yetu, aliwarudisha kwao bila kumuuma hata mmoja. Asubuhi moja ya ukungu tulimkuta amekufa kando ya banda, povu mdomoni, kipande cha nyama mbele ya pua yake. Kabla hatujamzika, jirani alikuja kutoa pole, huku akitafuna muwa.

"Sumu ya panya hiyo," alisema. "Watu wanaitupa ovyo siku hizi."

Hakuna aliyekuwa amemtajia sumu.

Nilikuwa mtoto wa kufuta mstari kwenye daftari mpaka karatasi inatoboka. Nisingeweza kulala jambo likiwa limekaa upande. Na hili lilikaa upande vibaya sana. Nikamwambia bibi nataka mbwa mwingine. Alijua kwa nini, akakubali haraka mno kwa mtu asiyependa mbwa.

"Mbwa wa mifugo ana ruhusa yake katika dini," alisema. "Lakini mlangoni kwangu haingii. Na akikulamba, unajua la kufanya."

Ng'ambo ya bonde, kwenye shamba la chai, mlinzi mmoja aliyetoka Songea alikuwa na jike la mbwa wa kuchunga kondoo, jeusi lenye kifua cheupe, lililoachwa na meneja aliyehama. Ukoo huo hauhitaji kubweka. Unainama, unamkazia mnyama macho, na mnyama anageuka mwenyewe. Watoto wake walikuwa wamerundikana kwenye sufuria ya uji.

"Chukua hili dume nene, binti," mlinzi alinishauri. "Hili litakuwa simba."

Mimi nilikuwa namtazama mmoja aliyekaa nyuma, anawaangalia wenzake wakisukumana, anaiangalia sufuria, anamwangalia mlinzi.

"Na yule?"

"Yule anaringa. Atakufa njaa huku anafikiri."

Nikamchukua huyo. Nikamwita Subiri.

Hakuna aliyenifundisha kulea mbwa. Nilijifunza kwa kumtazama na kwa kuogopa. Nilimtandikia majani makavu ya migomba, nikayabadilisha kila yalipolowa umande. Nilimtoa viroboto kwa kitana kibovu cha bibi. Nilimpa uji wa mahindi wenye maziwa kidogo, halafu nanawa mara saba kwa maji ya kijito, mojawapo kwa udongo, narudia tena kwa wasiwasi kwamba nimekosea, mpaka vidole vikapasuka kwa baridi. Alipokuwa na nguvu za kutosha nilimfunga kamba nikatembea naye nyuma ya mbuzi, na siku aliyoinama mwenyewe na kuwakazia macho, nilicheka peke yangu.

Lakini somo kubwa lilikuwa jingine. Niliwaomba watoto wa shule wamtupie dagaa waliopakwa pilipili kichaa, ile bibi aliyokuwa akiianika juu ya jiko. Subiri alikula, akapiga chafya, akalia, akasugua pua kwenye nyasi. Kisha nilikuja mimi, na sweta langu la kijani, nikampa dagaa mtamu kutoka mkononi. Tulirudia hivyo mpaka akawa hata nyama ya mtu mwingine haigusi. Nilimhurumia, nakwambia kweli. Nilimhurumia na nikaendelea.

Jirani hakukawia. Jioni moja niliporudi kutoka kuchota maji nilimkuta Subiri amelala kifudifudi bandani, akikikazia macho kipande cha nyama kana kwamba ni mbuzi mkaidi. Hakukilamba hata kidogo.

Nilitaka kupiga kelele kijiji kizima kisikie. Bibi alinizuia. Alikiokota kwa jani la mgomba, akakiweka kwenye sahani yake nzuri ya maua, akafunika kwa kitambaa, akajitanda kanga. Kwa jirani siku hiyo kulikuwa na wageni, watu wa heshima kutoka Mnazi, waliokuja kumposa binti yake. Nilimfuata nyuma. Bibi alipiga hodi, akaamkiwa, akakaribishwa kiti.

"Sikai, baba," alimwambia jirani. "Nimekurudishia kitoweo chako. Kilidondoka kwenye banda letu."

Mgeni mkubwa alifurahi. "Majirani wa namna hii wako wapi siku hizi? Hebu kipikwe, tukionje wote."

"Hapana," jirani alisema. "Hicho... hicho ni cha mbwa."

"Cha mbwa gani?" bibi aliuliza kwa upole. "Wewe hufugi mbwa."

Sijawahi kuonja kitu kitamu kama swali lile. Mgeni mkubwa alikiangalia kitambaa, akamwangalia mwenyeji wake, akakisogeza kikombe chake cha chai mbali kidogo. Posa ile haikurudi. Mbuzi wake nao hawakuvuka masale tena.

Nilipokwenda shule ya bweni, Subiri aligoma kula. Likizo ya kwanza nilimkuta mbavu nje, na bibi amesimama bandani ndani ya sweta langu, mikono imemwishia kwenye viwiko, ameshika tonge.

"Mbwa wako hana adabu," alisema. "Mpaka nivae nguo ya mtoto ndipo anione mtu."

Alimlisha hivyo hadi uzee ukamchukua mbwa.

Basi nilikuwa nimelishika sweta hilo wiki iliyopita, niliposikia kikohozi kwenye masale. Jirani, sasa na fimbo, macho yameingia ukungu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pole na bibi yako." Alimwona mtoto wa mbwa, mweusi mwenye kifua cheupe, niliyemchagua njiani, pale Lukozi, kwa sababu alikaa nyuma ya wenzake. Akachutama kwa shida, akatoa kipande cha kiazi mfukoni. Kabla sijasema neno, yule mpumbavu mdogo alikimbia, akakimeza, akamlamba vidole.

Mzee alicheka. "Huyu hajafundishwa."

"Bado," nilimjibu.

Akaacha kucheka. Akalitazama sweta mkononi mwangu kwa muda mrefu, akainuka, akaenda zake. Bibi hayupo, Subiri hayupo, bandani hakuna hata kwato, na wageni wa Mnazi sijui kama wako hai. Mtu pekee aliyebaki anayeikumbuka ile sahani ya maua kama ninavyoikumbuka mimi ni yeye.

Niliingia jikoni kutafuta pilipili ya kumfundishia. Juu ya jiko kamba ya bibi ya kuanikia ilikuwa bado imefungwa, na haikuwa na hata pilipili moja.