Mwambie Mouzaoir Asome

Hata leo wapo watu hapa Moroni wakimtaja Mouzaoir husema, yule kuli wa bandarini aliyesusa kusoma kasida miaka minne kwa kiburi. Nikisikia hivyo damu hunichemka. Mouzaoir hakususa. Alikatazwa, kisha akaruhusiwa, na ruhusa yake niliikalia mimi, Moinahalima, muuza kahawa. Nalisema mwenyewe, sina wa kumsingizia.

Mimi nilizaliwa Unguja, wazazi wakanileta huku nikiwa na miaka tisa, ndiyo maana Kiswahili changu hakijanitoka. Baraza langu la kahawa limepakana ukuta na zawiya ya Fundi Inzoudine, nyumba ya tarika yetu. Kwetu huku mwalimu wa dini ndiye fundi. Huyu alikuwa mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani, mtaa wa Hombo, lakini karibu mwaka mzima alikaa nasi. Hakuwa mtu wa kujifungia na tasbihi. Asubuhi utamkuta hospitali akiwasomea dua wagonjwa, Jumatano yuko bandarini anasuluhisha makuli waliogombana, na maulidi asiyoyahudhuria watu waliyaona chapwa. Ila kazi yake hasa ilikuwa Ijumaa baada ya Alasiri. Wanafunzi wake, wanaume kama arubaini, walikaa duara kwenye mikeka, sisi wanawake nyuma ya pazia, naye akitufundisha kunyamaza. Naam, kunyamaza. Macho umeyafumba, jina la Mungu unalitaja kwa moyo tu, pumzi inaingia na kutoka nawe unaifuata. Mimi siku za mwanzo nilikuwa nikihesabu vikombe vyangu. Baada ya kimya hicho ndipo zilipokuja kasida na dhikiri, na hapo alikuwa akisubiriwa Mouzaoir.

Alikuwa mtu wa Itsandra, kifua kipana, shingo fupi. Bandarini kwetu meli kubwa hutia nanga nje na mizigo huletwa kwa matishari, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaimbisha wenzake ili wavute kwa pamoja. Sauti ile ile aliileta zawiyani. Akianza kasida, sisi wa nyuma ya pazia tulikuwa tukilia na hata hatujui tunalilia nini.

Tatizo lake lilikuwa mbio. Akishapamba moto hamwoni mtu. Ijumaa moja ya mwezi wa saba, mwaka 1997, aliikimbiza dhikiri mpaka Mzee Youssoufa, ambaye alikuwa na miaka themanini, akaishiwa pumzi na kuanguka ubavu kwenye mkeka. Fundi akapiga makofi mawili, ishara ya kupunguza mwendo. Mouzaoir hakusikia. Akapiga tena, watu wote wakanyamaza, Mouzaoir akabaki peke yake ananguruma.

"Mouzaoir," Fundi akasema, wala hakupandisha sauti. "Umewaacha wenzako njiani. Kaa chini. Hutasoma mpaka nikuambie."

"Naam, Fundi."

Adhabu zake tulizijua. Zilikuwa za wiki mbili, au tatu kwa mkaidi. Mimi aliwahi kunikataza kusengenya siku saba, na siku ya nne nilikuwa kama mgonjwa. Keshokutwa yake Fundi akapanda boti kwenda kwao kwa ziara ya kila mwaka, akatuaga kwamba baada ya wiki mbili atarudi. Hazijafika, Ndzuani ikatangaza kujitenga. Mwezi wa tisa serikali ikapeleka askari, mambo yakaenda mrama, na tangu hapo kwenda Mutsamudu hakukuwa tena jambo la kuamka na kukata tiketi. Fundi akabaki kule, na Mouzaoir akabaki amekaa.

Kasida lazima zisomwe, basi wakamweka mume wangu. Fouad alikuwa karani wizarani. Nampenda, lakini akisoma kasida utadhani anasoma barua ya ofisi. Siku hizo mshahara ulikuwa hauji miezi nenda miezi rudi. Alikuwa akirudi kazini anakaa kitini, anatazama ukuta, ukimuuliza chakula anasema chochote. Tangu awekwe kusoma akabadilika. Alhamisi alikuwa akipiga pasi kanzu yake mwenyewe. Akaanza kutaniana na mimi. Akaniita jina langu la utotoni, ambalo hakulitamka tangu binti yetu Zahiya azaliwe.

Wanafunzi hawakumwacha Mouzaoir. "Soma, bwana, Fundi kishasahau." Wengine walisema makubwa zaidi, kwamba Fundi sasa ni mtu wa nchi nyingine, ana haki gani juu ya mdomo wa Mngazija, mtu wa kisiwa hiki? Mouzaoir alikuwa na jibu moja tu: "Aliyefunga ndiye afungue." Na mwanafunzi haombi afunguliwe, hiyo ndiyo adabu ya tarika yetu. Alikuwa akija kila Ijumaa, anakaa, anaitikia kwa sauti ya chini asije akamfunika Fouad.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Shaabani, simu ya nyumbani kwangu ikalia. Alikuwa Fundi.

"Moinahalima mwanangu, nimekumbuka jambo na nimeona haya. Mouzaoir anasoma?"

"Hasomi, Fundi."

"Lahaula! Mimi nilimfunga wiki mbili tu. Mwambie Mouzaoir asome. Mwambie hivyo hivyo."

"Inshallah, Fundi."

Wallahi nilivaa buibui niende kumwambia. Chumba cha mbele nikamkuta Fouad na pasi yake, anajizoeza kasida mpya, macho amefumba, anatabasamu peke yake. Nikavua buibui. Nikasema nitamwambia kesho. Mwenye mdomo kama wangu, ambaye habari ya mtaa hailali ndani kwake, neno moja hilo likanikaa kooni. Kesho ikawa Ijumaa ijayo, Ijumaa ijayo ikawa baada ya Idi. Baadaye simu za Ndzuani zikakatwa kabisa, na Mungu anisamehe, nilishukuru.

Kabla ya simu kukatwa kulipita mwezi wa nne wa mwaka 1999, ambao sipendi kuukumbuka. Vijana wa mjini wakaanza kuwafukuza watu wa Ndzuani, majumbani na madukani. Kwetu alikuwepo Boina, mshona viatu, mtu wa Mirontsy, mwanafunzi mwenzetu wa zawiya. Vijana walipofika mlangoni kwake walimkuta Mouzaoir amesimama. Alibeba masanduku ya Boina mawili begani, akawapita katikati yao mpaka bandarini, Boina, mkewe na watoto nyuma yake, na hakuna aliyewagusa. Niliwaona kwa mbali, yeye na Boina, wakiongea maneno machache kabla boti haijaondoka.

Hali ilipotulia, katikati ya mwaka 2001, tukaenda ziara, watu kumi na wawili. Mimi nilikwenda kwa hofu, kwa sababu nilijua Fundi atauliza. Tukashukia Mutsamudu, tukapanda teksi mpaka Hombo. Fundi alikuwa amekwisha kimwili, ameegemea mito miwili, lakini macho yalikuwa yale yale. Wanaume wakamzunguka. Sisi wanawake tukakaa chumba cha pili, pazia katikati.

"Mouzaoir," akasema. "Ujumbe wangu ulikufika?"

Fouad alikuwa amekaa goti kwa goti na Mouzaoir.

"Ulinifika, Fundi."

"Na unasoma?"

"Sisomi."

"Sababu?"

"Sikuwa tayari, Fundi."

Fundi akatikisa kichwa. "Nilikufungulia mlango nawe ukakaa nje. Haya, kaa mpaka nije Moroni mwenyewe."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Pazia lilikuwa mbele ya pua yangu. Nilijiambia kwamba nikisema mbele za watu, mume wangu atakosa pa kuuficha uso, na kweli angekosa. Lakini nilijiogopea na mimi pia. Nikakaa kimya kwa mara ya pili.

Kwenye boti ya kurudi nikamfuata Mouzaoir alipokuwa amesimama.

"Ulikuwa unajua?"

"Boina aliniambia siku ile bandarini. Fundi alimwambia kwa simu kwamba amekutuma wewe. Boina alidhani nimekaidi."

"Miaka miwili unajua, na hukunisuta?"

"Dada, mimi nina tishari, naimba kutwa. Fouad ana Ijumaa tu."

"Sasa mbona umejibebesha kosa mbele ya Fundi?"

Akanitazama, si kwa ubaya. "Neno alilitia mdomoni mwako, si mwangu. Ningelitoaje mimi?"

Fundi hakuja Moroni. Alifariki katika Ramadhani ya mwaka ule, wakamzika Hombo. Habari zilipofika, niliwaona wanafunzi wakimtazama Mouzaoir, kila mtu anawaza lile lile. Aliyefunga hayupo, nani afungue? Mzee mmoja akasema ndiyo basi, huyu atakufa hajasoma. Mouzaoir akasema "Alhamdulillahi" akaondoka kwenda kazini. Mimi peke yangu nilijua kwamba adhabu ya kwanza ilikwisha kitambo, na ile ya pili ilisimama juu ya uongo uliosemwa ili kunisitiri. Niliuguza jambo lile usiku na mchana. Usiku mwingine nilimgeukia Fouad kitandani nimwambie, namkuta amelala na karatasi ya kasida kifuani.

Hitima ya arubaini ya Fundi iliangukia Ijumaa. Zawiya ilijaa mpaka uani. Kimya kikapita, kila mtu na pumzi yake. Fouad akakohoa, akafungua karatasi yake aanze. Nikasimama, nikalivuta pazia.

"Samahanini," nikasema. "Nina ujumbe wa Fundi. Alinipa kwa simu, Shaabani, miaka mitatu iliyopita, nami sikuufikisha kwa makusudi. Mouzaoir alinisitiri kule Hombo. Fundi alisema hivi: mwambie Mouzaoir asome."

Fouad alinitazama muda mrefu. Nilimwona anapiga hesabu, Shaabani ipi, simu ipi, Ijumaa ngapi. Kisha akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akasogea nafasi moja kushoto.

Mouzaoir hakuikalia ile nafasi. "Baba Zahiya?" akamwuliza.

"Umesikia," Fouad akasema. "Soma."

Alianza polepole. Sauti ilikuwa na kutu, mara mbili ikamkatikia akameza mate akaendelea. Ilipofika dhikiri nikajua sasa atakimbia, maana watu walishapandwa na jazba, mabega yanakwenda. Hakukimbia. Kila mara aligeuka kumtazama Mzee Youssoufa, ambaye sasa alikuwa na miaka themanini na nne, na mzee yule alikwenda naye neno kwa neno hadi mwisho, hakukohoa hata mara moja. Nililia mpaka kitambaa kikalowa.

Fouad alikaa miezi miwili hanisemeshi zaidi ya salamu. Haki yake, sikulalamika. Baadaye tukarudi kuzungumza habari za nyumbani, za Zahiya, za mshahara. Alhamisi bado anapiga pasi kanzu yake, na Ijumaa anakaa kushoto kwa Mouzaoir anaitikia. Jina langu la utotoni hajaniita tena.