Kutu kwenye Sumaku Isiyo na Chuma

Fundi aliyenikatia kile kipande cha sumaku hakuwa na kosa. Nalisema hilo mapema kwa sababu kwa muda mrefu nilimtupia yeye lawama zote kimoyomoyo, na nikaona nafuu.

Diski ya kukatia ya maabara yetu ilikuwa imevunjika, na mpya ilikuwa ikisubiriwa miezi. Mimi na subira hatujawahi kuelewana. Nikakifunga kipande changu kwenye leso, nikaenda nacho mtaa wa Gisozi kwa fundi wa mageti aliyenitengenezea madirisha ya nyumba yangu kule Kinyinya. Akakigeuzageuza.

"Madamu, hii iko ngumu sana. Iko chuma gani?"

"Siyo chuma," nikamjibu kwa maringo. "Ni manganizi na alumini. Sumaku isiyo na chuma hata chembe."

Akacheka, akawasha mashine pale pale alipokuwa akikata geti la mtu. Nilirudi na vijipande vya ukubwa wa punje ya mchele, nikavifuta kwa spiriti na kitambaa, nikavipima. Usumaku wake ulikuwa mkubwa kuliko nilivyothubutu kutumaini. Nilipiga kelele peke yangu maabarani. Kwenye makala niliandika tu kwamba sampuli zilikatwa kwa mashine.

Makala yakapendwa. Katika kazi yetu, mwenzako akitumia matokeo yako anakutaja mwishoni mwa makala yake, na kutajwa huko ndiko kunakokupandisha cheo. Mimi nilitajwa hadi na watu wa nchi ambazo sijawahi kuzikanyaga. Mkuu wa idara akinikuta kwenye ngazi hanisalimii tena. Anauliza tu nimetajwa mara ngapi. Faili langu la uprofesa likaanza safari.

Ndipo ikaja barua pepe ya mwanafunzi wa uzamivu, dada mmoja wa nchi ya mbali. Aliandika kwamba kwa miaka miwili amefuata njia yangu hatua kwa hatua, na sumaku zake zinatoka dhaifu kila mara. Msimamizi wake anasema tatizo ni mikono yake. "Naomba uniambie nakosea wapi."

Nilimcheka kidogo, Mungu anisamehe. Nikafungua droo nichukue kimojawapo cha vile vijipande nimpigie picha. Kilikuwa na vidoa vya kahawia.

Kutu. Manganizi na alumini havioti kutu ya namna ile. Chuma ndicho kinachoota. Sumaku, katikati ya vumbi la chuma cha geti, ingefanya nini kama si kulivuta? Hata mtoto wa shule angeniambia. Kitambaa changu kilipangusa kilichoonekana, kingine kikabaki kwenye mikwaruzo. Nikakiosha kipande kwa tindikali, nikakipima tena, na usumaku ukashuka hadi karibu na ule wa yule dada. Mikono yake haikuwa na tatizo lolote.

Nilijua la kufanya. Asubuhi ile ile niliandika barua mbili, moja ya kukiri kosa kwa jarida lililochapisha makala, na moja ya yule dada. Sikuzituma. Faili lilikuwa mezani kwa kamati, nikajiambia ni wiki moja tu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukiwa kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tunafukua mtaro na majirani, kiongozi wa mtaa akasimamisha kazi. "Huyu mama iko profesa wetu! Kazi yake inasoma dunia mzima!" Wakaweka majembe chini wakanipigia makofi. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Nilikuwa nimebanwa, na walionibana walikuwa wakinipongeza. Kila ujumbe wa kuniambia nimetajwa tena niliufuta kabla ya kuumaliza, maana kuna mtu mwingine alikuwa amepandisha ukuta juu ya msingi wangu mbovu. Niliona aibu, na bado sikutuma.

Wiki ikawa miezi. Uprofesa ukaja. Mchana huo huo nikatuma barua zote mbili, nikijisifu kwamba angalau nimefanya.

Jarida lilichapisha masahihisho. Hakuna aliyeninyang'anya cheo. Mkuu wa idara alisema ni ushujaa, nikataka kumtupia kikombe. Makala ya kwanza bado yanatajwa. Masahihisho hayasomwi na mtu.

Yule dada alijibu baada ya siku tatu. Alinishukuru, tena kwa heshima. "Nimefurahi kujua kwamba haikuwa mikono yangu," aliandika. "Niliacha masomo mwezi uliopita."

Mwezi uliopita barua niliyomwandikia ilikuwa kwenye kompyuta yangu, imekamilika, haina hata neno la kurekebisha.