Mmiliki wa Printa ya Mama

Mama yangu haogopi nyoka wala mgambo wala mtu yeyote wa soko la Tandika. Anaogopa radi. Wingu likijikusanya tu, kioo kinafunikwa khanga, friji inachomolewa, na printa yangu inachomolewa hata kama mteja kasimama mlangoni na karatasi imetoka nusu. Nimemweleza, nimemchorea mpaka michoro. Wapi! "Radi haijasoma," ananijibu.

Nasema printa yangu, lakini aliinunua yeye, kwa vitumbua vyake. Tulikuwa na kijisteshenari chumba cha mbele, kwetu Temeke, na printa yenyewe ilikuwa ya mtumba, kizee kisichotambuliwa na kompyuta yoyote. Mie nikajitia ufundi. Nikaweka mfumo mwingine kwenye kompyuta, ule wa bure, na nikaandika programu ya kuongea na kizee hicho moja kwa moja.

Sasa, katika mfumo ule kila kifaa kinaonekana kama faili, na kila faili lina mmiliki. Ukichomeka printa, kiini cha mfumo, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayoongea na vyombo, kinaitengenezea faili papo hapo na kuandika mmiliki wake ni ruti. Ruti si mtu, ni akaunti yenye mamlaka yote humo ndani. Kila asubuhi nilikuwa naingia kwa nywila ya ruti, naandikisha printa kwa jina la mama, maana akaunti ya dukani ilikuwa ya jina lake, na kazi inaanza. Lakini ukichomoa printa, lile faili linafutika. Ukichomeka tena linazaliwa jipya, na mmiliki ni ruti tena, kana kwamba mama hajawahi kuwepo.

Dawa yake naijua. Unaandika kanuni fupi, mistari miwili, kwamba kifaa hiki kila kikizaliwa, kizaliwe na jina la fulani. Niliahirishaga kila siku. Kesho, kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ila siku hiyo tumbo lililoumia halikuwa langu.

Jirani yetu wa ukuta mmoja, mwalimu mstaafu, alifiwa na mkewe. Ibada ilipangwa saa tisa alasiri, hapo hapo nyumbani kwake. Ndugu zake walikuja kutoka bara na wasifu wa marehemu umeshachapwa, na ndani yake imeandikwa kwamba mama wa watu "aliishi kwa amani katika nyumba ya mumewe." Jamani! Mtaa mzima unajua ile nyumba aliijenga yule mama, tofali moja moja, kwa kuuza vitenge, wakati mwalimu anahamishwa shule moja hadi nyingine huko mikoani. Mwalimu akawaomba wabadilishe. Wakamwambia una majonzi, pumzika. Akavuka kuja dukani kwetu, akauandika wasifu upya kwa vidole viwili, akabonyeza kuchapa. Kompyuta ikamjibu: huna ruhusa.

Mie niko Kariakoo nafuata wino. Mama akapiga simu.

"Mwanangu, hii mashine inatunyima ruhusa."

"Si ulichomoa jana, mama? Printa imerudi kwa ruti."

"Imerudi kwa nani?"

"Kwa ruti! Si yako tena mpaka nije." Nikakata simu. Nina hasira za karibu, sikatai, na jua la Kariakoo haliwapunguzii watu hasira.

Nilifika saa nane kasoro. Yesu wangu! Risiti ya printa imebandikwa kwenye skrini kwa gundi. Juu ya printa kuna barua ya mjumbe wetu, ina muhuri ambao haujakauka bado: "Kwa yeyote anayehusika. Namthibitisha mama huyu kuwa mkazi wangu na mmiliki halali wa printa nyeusi. Tafadhali apewe ushirikiano." Mjumbe mwenyewe kakaa kwenye kiti changu, kakunja nne.

"Huyo ruti," akaniuliza, "anakaa mtaa gani? Aje na yeye na vielelezo vyake."

Nilitaka kucheka. Kisha nikamwona mwalimu kwenye kigoda, shati kafunga vifungo mshazari.

"Shikamoo mwalimu. Pole sana."

"Marahaba mwanangu. Mie nataka ile sentensi tu."

Kicheko kikanikauka. Niliona aibu, aibu kweli kweli. Nikabandua risiti, nikaingiza nywila, nikaandika jina la mama. Kabla sijabonyeza kuchapa, ngurumo ikapiga. Mkono wa mama ukaenda wenyewe kwenye waya. Pwaa! Kachomoa.

"Mama!"

"Radi hiyo!"

Basi nikakataa kubandika jina tena. Nikaandika ile kanuni, mistari miwili niliyoikimbia mwaka mzima. Mvua ikaanza, saa inakwenda, kwa jirani wanaimba tayari.

"Mama, chomeka."

Hakusogea. Mdogo wake aliuawa na radi jikoni, huko kwao, wakiwa wasichana. Alishanisimulia, na mie nilikuwa nasikia tu kama habari. Akamtazama mwalimu na vile vifungo vyake. Akajitanda khanga kichwani, akachomeka kwa mkono wake mwenyewe, na akaendelea kuushikilia waya hapo ukutani, macho kafumba, midomo inasali.

Nikaangalia mmiliki. Majina ya mama, yote matatu. Nikamsomea mama kwa sauti.

"Mmeona?" akasema mjumbe. "Barua yangu imefanya kazi."

Karatasi ikatoka inakwaruza, tukatoka mbio nayo chini ya mwavuli mmoja. Mzee wa kanisa alikuwa ameshashika ule wasifu wa kwanza. Mwalimu akauchukua mkononi mwa mzee mbele ya ndugu zake wote, akaweka wetu. Mzee akavaa miwani, akasoma: aliishi kwa amani katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, na mumewe alikaribishwa humo.

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, mara mbili, halafu akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza toka msiba uingie.

Mama alinifinya mkono. "Wasifu wangu uandike mapema," akaninong'oneza. "Na ile printa usiisahau."