Matundu Niliyoyaziba Kwenye Magari ya Kulala

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa tai. Sikuona sababu ya kuivua. Nilikuwa na Diploma ya Ufundi wa Magari, mimi mtoto wa mkulima wa Kivaa, na nilikuwa nimevuka bahari hadi Uingereza bila kubebwa na mjomba wala mbunge. Gereji iliyoniajiri ilishughulika na magari ya kulala: yale magari ya zamani yenye kitanda, kabati, sinki na jiko la gesi ndani, ambayo watu wa kule huyatunza kama sisi tunavyotunza ng'ombe wa maziwa.

Msimamizi wa gereji, mzee mfupi mwenye ndevu nyeupe, aliitazama tai yangu, kisha akanionyesha gari moja la rangi ya krimu na bluu. Liling'aa hivi kwamba niliuona uso wangu ubavuni.

"Bwana Diploma," akasema, "hili ungelinunua?"

Nililizunguka. Nilifungua injini, nikapima oili, nikaiwasha, nikaisikiliza. Ilinguruma vizuri kabisa.

"Ningelinunua leo," nikajibu.

Mzee alichukua bisibisi, akapiga magoti, akaisukuma chini ya mlango. Ikazama yote hadi kwenye mpini. Alipoichomoa ilitoka na kipande cha gazeti. Mtu alikuwa amejaza magazeti kwenye ubavu uliooza, akapaka puti juu yake, akapiga rangi.

"Injini mbovu hubadilishwa kwa siku mbili," akaniambia. "Mwili ukioza, umenunua picha ya gari."

Kwa miaka sita nilifanya kazi chini ya mzee huyo, na ninyi vijana mnaotaka kununua magari haya sasa mngefaidika sana kama mngemwona. Alitembea na sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa ili isikwaruze rangi. Aliipitisha polepole chini ya milango, kwenye mizunguko ya matairi, na pembeni mwa kioo cha mbele. Pale sumaku ilipokataa kushika, palikuwa na puti, si chuma. Kisha aliinua mazulia na kubonyeza sakafu kwa kidole gumba. Alipanda kitandani, akainua paa, maana katika magari haya paa hufunguka juu kama hema, akanusa turubai lake. Harufu ya unyevu ilimwambia kwamba maji yameingia, na maji yakiingia juu hutafuna chini.

Baadaye niliajiriwa na kampuni ya kukodisha magari hayo. Huko bosi wangu alikuwa Meneja wa Ukaguzi, mama mrefu ambaye hakuwahi kucheka kabla ya saa nne asubuhi. Yeye alinifundisha injini. Tulipokwenda kutazama gari la kununuliwa, jambo lake la kwanza lilikuwa kuweka kiganja juu ya injini. Kama ilikuwa na joto, hakuuliza tena.

"Umeiwasha kabla hatujafika," alimwambia mwenye gari. "Tutarudi kesho, na kesho usiiguse."

Injini mbovu huficha ubovu wake ikiwa na joto. Ikiwa baridi husema kweli: itasumbua kuwaka, itatoa moshi wa bluu kwa kuwa inakula oili, itagonga. Mama huyo alinipandisha cheo mara mbili, na mara ya pili alinipa sahihi yangu mwenyewe, maana yake gari halikutoka getini bila jina langu. Mkamba mmoja tu katika jengo zima, na wazungu walisubiri kalamu yangu.

Jambo moja hakuniruhusu. Gesi ilikuwa na fundi wake mwenye cheti chake. "Wewe una mikono ya chuma," aliniambia. "Mabomba ya gesi mwachie mwenyewe." Sikuona kama ni tusi. Niliona kama ni kazi ndogo iliyonipita kwa chini.

Niliporudi nyumbani nilifungua uwanja wangu wa ukaguzi na ukarabati Mlolongo, karibu na mizani ya malori. Niliandika langoni kwa herufi kubwa kwamba hapa pana mtaalamu kutoka ng'ambo, na haukuwa uongo. Niliyoyaona pale yalinitoa macho. Niliwahi kukuta gari la kulala lililotengenezwa kwa magari mawili: mbele ya moja, nyuma ya jingine, kovu la kuchomelea likiwa limefichwa chini ya kiti. Namba ya chasisi, ile iliyogongwa kwenye chuma, haikufanana na ya kwenye kitabu cha gari. Mwenye kulinunua, kijana wa kampuni moja ya simiti, aliniambia, "Lakini mzee, linatembea." Nikamwambia, "Hata jogoo aliyechinjwa hutembea kidogo." Alicheka, kisha nikamwonyesha lile kovu, akaketi chini.

Mnamo miaka hiyo jina langu lilifika Matuu, Masinga hadi Thika. Nilipostaafu nilihamia Matuu, nikapanda michungwa, nikadhani nimemaliza.

Mwaka huu, mwezi wa saba, dada yangu Ndinda alinipigia simu. Yeye na mumewe Mutiso walikuwa walimu, wamestaafu mwaka mmoja, na kwa miaka yote ya ndoa walikuwa wameahidiana kuzunguka Kenya wakiwa pamoja, walale watakapochoka. Walikuwa wamepata gari la kulala la zamani kutoka kwa mzee mmoja wa kanisa lao. Wangeondoka kesho yake kwenda Marsabit. Alitaka nije nilitazame, "ili moyo utulie tu."

Kesho yake nilifika kwao saa tatu asubuhi. Gari lilikuwa uani, la rangi ya chungwa, na utepe mweupe ulikuwa bado umefungwa kwenye kioo.

"Wi museo, kaka?" Ndinda akanisalimia kwa Kikamba.

"Ni museo. Huo utepe ni wa nini?"

"Liliombewa Jumapili baada ya ibada. Mchungaji mwenyewe aliweka mkono kwenye bumpa, na kwaya ikaimba."

"Limeombewa kabla ya kukaguliwa?"

"Kaka, usianze. Watu wote wa kanisa wameshatuaga. Sasa wewe unakuja na bisibisi."

"Mwache," Mutiso akasema huku akicheka. "Tukimkataza tutasikia habari za diploma hadi Krismasi."

Hilo la maombi nimeliona mara nyingi huku kwetu, na bado hunishtua. Gari likishaombewa mbele ya watu, nani atakuwa wa kwanza kusema limeoza? Mzee wa kanisa aliyekuwa akiliuza alikuwa amesimama kando na koti lake la suti, ametulia. "Fundi," akasema, "tafuta kosa. Ukilipata, gari narudi nalo."

Nilianza. Sumaku ilishika kila mahali. Sakafu ilikuwa ngumu. Turubai la paa lilikuwa kavu na halikunuka. Namba za chasisi zilifanana. Injini ilikuwa baridi, na ilipowashwa iliwaka mara ya kwanza, bila moshi wa bluu. Nilishangaa kwa upande wa pili: sikuwa nimeona gari la umri ule likiwa zima namna hii tangu nirudi Kenya.

"Jamani," nikasema, "hili ni gari."

"Nilikwambia!" Ndinda akapiga makofi. "Hata jana tumelala ndani kulijaribu. Ni vile tu tumeamka vichwa vinatuuma, mimi na Mutiso. Nadhani ni baridi."

"Wote wawili?"

"Wote. Mutiso hata alitapika."

"Mlikuwa mmewasha nini?"

"Jiko tu, kaka. Moto mdogo, wa kupasha joto. Tukafunga madirisha yote ila moja dogo lililokataa, si unajua baridi ya Julai."

Nilifungua kabati la mtungi wa gesi, nikapapasa sakafu yake. Katika magari haya lazima pawe na tundu pale chini, kwa sababu gesi ni nzito kuliko hewa: ikivuja huteremka, na tundu huitoa nje. Matundu mengine huwekwa sakafuni karibu na jiko, ili moto upate hewa. Moto ukikosa hewa hutoa sumu isiyoonekana wala kunusika, inayoanza kwa kuumiza kichwa. Anayelala nayo hawezi kuamka kufungua mlango.

Kidole changu hakikupata tundu. Kilipata bati laini. Nililala chali chini ya gari nikayaona manne: mabati madogo ya alumini, kila moja limebanwa kwa ribiti nane, vile vipini vya kushikilia bati, na silikoni imezungushwa pembeni kwa uangalifu mkubwa. Matundu yote yalikuwa yamezibwa.

Nilitoka nikipiga kelele. "Ni mpumbavu gani aliyefanya kazi hii? Nani? Huyu mtu alitaka kuua watu!"

Mzee wa kanisa alikuwa akitazama viatu vyake.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo, "nilidhani unakumbuka. Ni wewe."

"Mimi?"

"Pale Mlolongo. Gari lilikuwa jeupe wakati huo. Nilikuwa nimetoa jiko, nabebea maembe. Vumbi la barabara ya Yatta lilikuwa likiingia kupitia sakafu na kuharibu maembe yote. Ulinipigia hayo mabati, ukaniambia sasa humu hakuna vumbi litakaloingia hadi Yesu arudi."

"Na jiko?"

"Nilirudisha nilipotaka kuuza. Sikujua yale matundu ni ya nini. Hukuniambia."

"Aiya," Ndinda akasema.

Nilikumbuka. Ribiti nane, umbali sawa: hakuna fundi mwingine wa Mlolongo aliyejisumbua hivyo. Nilijua kabisa matundu yale ni ya gesi. Nilijiambia gari halina jiko tena, na kazi ikaisha. Sikuandika chochote kwenye gari wala kwenye kitabu chake. Kule ng'ambo nisingethubutu kugusa, maana fundi wa gesi angenifukuza. Huku hapakuwa na fundi wa gesi. Palikuwa na mimi na diploma yangu, na vumbi, na watu waliotaka vumbi liishe.

Mutiso alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari, uso umempauka. "Shemeji," akaniuliza taratibu, "kama tungeziba na lile dirisha dogo lililokataa kufunga?"

"Hatungekuwa tunaongea," nikamjibu.

Nilichukua drili nikang'oa ribiti zote thelathini na mbili mimi mwenyewe, nikiwa chali, na vumbi la miaka likiniangukia machoni. Hakuna aliyenisaidia, na sikuomba. Ndinda aliniletea maji nilipomaliza, akakaa karibu yangu kwenye mchanga.

"Ungetuzika wewe," akasema. "Na ungehutubia makaburini, ukisema ni baridi."

Hawakuondoka siku ile. Tulimtafuta fundi wa gesi mwenye cheti, kutoka Nairobi. Alipima mabomba, akabadilisha mpira mmoja uliopasuka, akawawekea kengele ndogo inayolia sumu ile ikijaa ndani. Wiki tatu baadaye waliondoka, na utepe wao mweupe, na kila jioni Ndinda hunipigia kuniarifu kwamba jiko limezimwa.

Mimi ninajivunia kazi yangu, na sitaacha. Nilianza bila kitu, na magari mengi ya kulala barabarani leo yako hai kwa sababu ya mikono hii. Lakini tangu mwezi wa saba silali vizuri, kwa kuwa baada ya yale maembe wengine walisikia kwamba ninatibu vumbi, wakaniletea magari yao. Niliyaziba matatu zaidi. Sikuwauliza wenyewe kama yana jiko.

Nimetafuta. Moja nililikuta Kivaa, limegeuzwa banda la kuku, nikang'oa mabati hata hivyo, mwenye kuku akinitazama kama kichaa. La pili nililipata kwa mama mmoja anayeuza chai ndani yake, mlango wazi mchana kutwa. Mlango huo ndio uliomwokoa.

La tatu sijalipata. Lilikuwa la kijani, paa jeupe la kuinuliwa, usukani upande wa kushoto. Huenda limepigwa rangi nyingine. Ukiuziwa gari la kulala la zamani, hata likiwa limekaguliwa, hata sumaku ikishika kila mahali, fungua kabati la mtungi wa gesi na upapase sakafu. Ukikuta bati la alumini lenye ribiti nane, hilo ni langu. Ling'oe kabla hujawasha jiko, na usilale ndani hata usiku mmoja.