Usingizi wa Barabara ya Mutshatsha

Nimelala katika nyumba nyingi tangu nilipoondoka Kolwezi: Likasi, Kalemie, Ndola ng'ambo ya mpaka, hata chumba kimoja nyuma ya duka la mchele huko Kasongo ambako babu zangu walitoka. Kila mahali watu huniuliza kwa nini sikai. Huwa najibu kwamba ni mambo ya biashara. Sasa nimevuka miaka arobaini, na nimeona niliandike jibu lenyewe.

Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, ndiye aliyenilea, na alikuwa na lori moja. Lilikwenda Mutshatsha na chumvi, sabuni na vitenge, likarudi na mihogo mikavu na makaa. Nilikuwa nimemaliza sekondari bila kupata kazi ya ofisi, kwa hiyo niliandika mizigo na kukaa kiti cha mbele. Kiti hicho kwetu hakikuwa cha heshima. Kilikuwa na kazi yake: anayekikalia anamsemesha dereva. Anasimulia, anauliza, anabisha, ikibidi anamtukana, mradi dereva ajibu. Akishindwa kujibu sawasawa mara mbili, unapiga dashibodi na lori linasimama, hata kama tajiri mwenyewe yuko ndani. Abiria walioketi juu ya mizigo nao walikuwa na njia yao. Wakiona lori linayumba, walipiga paa la kabini kwa kiganja.

Dereva wetu alikuwa Mkatoliki wa kaskazini mwa Katanga, mtu wa mizaha, aliyenizidi kama miaka kumi. Aliniita Diplomé, yaani msomi, kunicheka.

Juma lile shangazi yake alifariki. Mpwa halali kitandani wakati shangazi hajazikwa. Ukoo mzima utamsema mpaka azeeke. Alikesha siku mbili penye moto wa kilio, akawapokea wageni, akachimba kaburi pamoja na wenzake. Siku ya tatu, jua lilipochomoza, alikuja moja kwa moja kwenye lupango yetu, uani kwa baba mkubwa, na majivu bado kwenye viatu.

"Tata, mi sikulala," alimwambia baba mkubwa. "Unipatie leo tu. Kesho mbele ya jogoo kuwika niko ku volant, naendesha."

"Na batu benye banangoja chumvi kule? Utalala ukifika."

"Usingizi haina frein, tata. Haisimamishwi."

"Wewe njo frein. Na huyu Diplomé, midomo yake ni ya kazi gani?"

Tulicheka wote watatu. Nakumbuka kwamba nilicheka.

Tuliondoka na abiria wanane juu ya mizigo. Mmoja wao alikuwa mama wa mtaa wa Kapata, mjane aliyekaa kwa kaka yake, ambaye kila mwezi alikwenda Mutshatsha na magunia matupu kununua mihogo. Alipanda kwa gurudumu kama kijana, akamtania dereva kwamba safari hii anaendeshwa na maiti.

Asubuhi nilifanya kazi yangu vizuri. Nilimsimulia filamu, mechi, kashfa za mtaani. Alitafuna pilipili, akajimwagia maji shingoni, akafungua dirisha. Saa saba tulisimama tukala bukari, ugali wa kwetu, na samaki wadogo wa ndagala, na baada ya hapo joto likatuangukia. Ilikuwa kiangazi, nyasi zilikuwa zinaungua pande zote mbili za njia, na moshi ulikuwa umesimama bila upepo.

Nilimwuliza bei ya baiskeli ya mdogo wake. Akajibu, macho wazi, yakitazama barabara, "Waambie bafunike mwili."

Nilimgeukia. "Unasema nini?"

"Mwili. Nzi."

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Mkono wangu ulikuwa juu ya dashibodi tayari. Kisha alijitikisa, akacheka kicheko chake cha kawaida, akasema, "Diplomé, unaogopa nini? Leta maneno." Niliutoa mkono. Nikaanza hadithi nyingine, na katikati ya hadithi hiyo nililala mimi.

Katika usingizi nilisikia mtu anatwanga. Nilidhani niko nyumbani utotoni na mama anatwanga mihogo uani. Kinu kilikwenda haraka, haraka zaidi, nami nilijisikia vizuri sana. Kumbe kilikuwa kiganja juu ya paa. Nilipofumbua macho miti ilikuwa inakuja.

Dereva alivunjika mbavu. Mimi nilipasuka paji la uso. Mama wa Kapata alibanwa na ubavu wa lori, na hospitalini wakamkata mguu wa kulia juu ya goti. Gurudumu la mbele lilikutwa limepasuka kwenye kisiki. Jioni ya siku ya pili kila mtu kwenye lupango yetu alikuwa anasema kwamba lilipasuka kabla ya kisiki. Wengine walisema ni marehemu shangazi aliyemvuta mpwa wake. Hakuna aliyesema neno usingizi.

Kaka yake mama yule alimtafutia mtetezi, défenseur wa mahakamani, mtu mwembamba mwenye suti ya abakosti iliyopauka. Alikuja kuniona.

"Citoyen, sheria ni hivi," aliniambia. "Pneu ya gurudumu ikipasuka yenyewe, ni bahati mbaya, hakuna wa kulipa. Lakini kama dereva alisinzia, na mwenye mutuka alijua amechoka akamutuma, wote wawili banajibu. Mama anaomba mguu wa bandia na mtaji wa biashara ya kukaa. Kwenye njia hatarudi tena. Wewe ulikuwa mbele."

Nilimwambia nitasema mahakamani.

Usiku huo baba mkubwa aliniita. Hakupandisha sauti. "Mi nilikulea. Siwezi kukufundisha uongo. Ulilala, si ndiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi sema ulilala."

Mahakamani dereva alisema ni pneu, akitazama sakafu. Nikaitwa mimi. Hakimu aliuliza kama nilimwona dereva akisinzia.

"Sikuona, mheshimiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelala."

Watu walicheka. Mama wa Kapata alikuwa benchi la mbele na magongo yake mapajani, yeye hakucheka. Mtetezi alisimama akaniuliza kuhusu mwendo, kuhusu kona, kuhusu gurudumu. Nilisubiri aniulize habari za asubuhi ile uani. Hakuwa na namna ya kuijua. Nilisimama pale na jibu mdomoni mpaka hakimu akaniambia nikakae.

Madai ya mama yule yalikataliwa. Karani alisoma kwamba mwenye kutaka rufaa ana siku kumi.

Nilizihesabu siku hizo. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili. Kila asubuhi niliamka nikasema leo nitakwenda kwa mtetezi, na kila jioni nilikuwa na sababu. Usiku kile kinu kilitwanga, nikakaa kitandani. Siku ya kumi sikuwa na sababu yoyote. Nilikaa tu kwenye kibaraza nikiangalia jua likishuka. Siku ya kumi na mbili nilioga, nikavaa shati safi, nikaenda.

Mtetezi alinisikiliza mpaka mwisho. Aliweka kalamu chini. "Na mbona leo?" Akaisogeza karatasi kando. "Mimi siwezi tena kufanya kitu. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Nyumba za Kapata zinafanana, safu kwa safu, ikabidi niulize mara tatu. Nilimkuta uani ameketi kwenye mkeka, mguu mmoja umenyooshwa, mihogo imeanikwa juu ya gunia mbele yake. Ilikuwa ya jirani. Alikuwa analipwa kuigeuza. Alinikaribisha kama anavyokaribishwa mgeni yeyote.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kivuli changu juu ya mihogo: majivu kwenye viatu, maneno ya baba mkubwa, mwili na nzi, mkono wangu niliouondoa. Alikuwa anageuza mihogo, kipande kimoja kimoja.

"Utaisema mbele ya juge?"

"Siku za rufaa zimekwisha, mama."

"Zilikwisha lini?"

"Juzi."

Mkono wake ulisimama. "Na juzi ulikuwa wapi? Safarini?"

"Nyumbani."

"Ulikuwa mugonjwa?"

"Hapana, mama."

Alinitazama bila hasira, kama mtu anayetafuta mahali alipowahi kuniona.

"Ulingoja zipite," alisema.

"Ndiyo."

"Na sasa unataka mi nikuambie nini?"

Sikuwa nimefikiri kwamba ataniuliza. Akainama, akachukua kipande kilichofuata.

"Toka ku jua, tata," alisema. "Mihogo ya batu haijakauka."

Nilisogea hatua moja, kisha nyingine, mpaka nikawa njiani. Hakuniita.